Laini Isiyoshikika Mkononi: Simu Zisizo na Tundu la Kadi Zinapofika Njombe na Makambako

Suala la kununua au kutonunua simu isiyo na tundu la laini limewafikia wakazi wa Njombe na Makambako kupitia biashara kabla ya kuwafikia kupitia maelezo, kwa sababu simu hizo husafiri katika njia ileile inayopitisha bidhaa nyingine za madukani, yaani kutoka Dubai au Marekani hadi Kariakoo, na kutoka Kariakoo kwa barabara kuu ya kuelekea Zambia hadi Makambako, mahali inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Septemba 2022 kampuni ya Apple ilianza kuuza nchini Marekani simu za iPhone 14 zilizotengenezwa bila tundu la kadi, na miaka mitatu baadaye, Septemba 2025, iliupanua utaratibu huo: iPhone Air ilitolewa bila tundu kwa dunia nzima, ilhali simu za iPhone 17 zinazouzwa Marekani, Kanada, Meksiko, Japani na katika nchi sita za Ghuba, zikiwemo Oman, Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu, nazo ziliondolewa tundu. Kwa msomaji wa Tanzania, kutajwa kwa nchi za Ghuba katika orodha hiyo kuna uzito kuliko kutajwa kwa Marekani, kwa kuwa Dubai ndiko zinakotoka simu nyingi zinazouzwa nchini, mpya na zilizokwisha kutumika, na mnunuzi anayekabidhiwa simu ya aina hiyo dukani anaweza kugundua akiwa amekwisha kulipa kwamba hana pa kuiweka laini yake.

Ili uamuzi ufanyike kwa haki, inafaa kwanza kueleza laini ni nini hasa, kwani watu wengi wanaamini kwamba namba ya simu na fedha za mtandao zimo ndani ya kile kipande cha plastiki. Kadi ya laini, ambayo ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na kampuni ya Kijerumani ya Giesecke & Devrient kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Finland, ni kompyuta ndogo inayohifadhi vitu viwili vya msingi: namba ya utambulisho wa mteja, ambayo si ile namba anayopigiwa, na ufunguo wa siri ambao mtandao wenyewe unazo nakala zake lakini ambao kadi haiutoi nje kamwe. Simu inapowashwa, mnara huipelekea kadi fumbo la tarakimu, kadi hulifumbua kwa kutumia ufunguo wake na kurudisha jibu, na jibu likilingana na lile lililokokotolewa na mtandao, mteja huruhusiwa kuingia. Namba ya simu, salio la vocha, bando na fedha za M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas vyote vimo katika vitabu vya kampuni, havimo katika kadi, na ndiyo maana mtu aliyepoteza laini hurudishiwa namba yake pamoja na fedha zake katika kadi nyingine kabisa.

Laini ya kidijitali, ambayo madukani hutajwa kwa jina la eSIM, haibadilishi lolote katika kazi hiyo. Kinachobadilika ni makazi ya ufunguo. Badala ya kukaa katika plastiki inayochomolewa, utambulisho na ufunguo huletwa kwa intaneti na kuhifadhiwa katika kichipu kilichounganishwa moja kwa moja na ubao wa simu kiwandani. Mteja huenda katika duka la kampuni yake, huhakikiwa, kisha hupewa mchoro wa msimbo wa QR ambao kamera ya simu huusoma na kupakua laini kwa dakika chache. Huduma za menyu, kama vile *150*00# ya M-Pesa, hufunguka kama kawaida, ujumbe mfupi hufika, na anayempigia mwenye simu hawezi kutambua tofauti yoyote. Vodacom, Airtel na Yas, kampuni iliyojulikana kama Tigo hadi mwaka 2024, zote hutoa laini za namna hiyo nchini, kwa hiyo swali la kama teknolojia yenyewe inafanya kazi Tanzania limekwisha kujibiwa.

Swali lililobaki ni gumu zaidi, nalo linahusu nani mwenye uwezo wa kuhamisha laini kutoka simu moja hadi nyingine. Kwa mwenye kadi, uwezo huo umo katika kucha zake: simu janja ikiishiwa chaji, ikipasuka kioo au ikiangukia katika ndoo ya maji, laini huchomolewa na kuwekwa katika kitochi, yaani ile simu ndogo ya vitufe inayokaa na chaji siku kadhaa, na mambo huendelea bila kuomba ruhusa ya mtu. Desturi hiyo imeenea mno katika nyanda za juu kiasi kwamba wengi hawaihesabu tena kuwa ni faida, na hapo ndipo hatari ya kuisahau katika hesabu inapoanza. Laini ya kidijitali haihamii katika kitochi hata kidogo, kwa kuwa kitochi hakina kichipu cha kuipokea, na hata kati ya simu janja mbili uhamisho wake unategemea mambo kadhaa kwa pamoja: simu ya zamani iwe inawaka, simu mpya iwe ya aina inayopokea, kuwe na intaneti, na kampuni ya simu iwe imeruhusu uhamisho wa moja kwa moja kati ya simu na simu. Sharti moja lisipotimia, safari ya dukani haiepukiki, na msimbo wa QR uliotumika mara ya kwanza kwa kawaida hautumiki tena.

Kwa mkazi wa Njombe mjini au Makambako safari hiyo ni ya bodaboda. Kwa mkazi wa Lupembe, wa vijiji vya Makete au wa Lupingu kando ya Ziwa Nyasa, ni safari ya siku nzima, na wakati wa masika inaweza kuzidi hapo. Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, una wilaya za Njombe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni milima na mabonde ambako umbali wa ramani haulingani na umbali wa barabara. Mkulima wa viazi au parachichi ambaye simu yake imezima siku ambayo mnunuzi kutoka Dar es Salaam amefika shambani na gari hana nafasi ya kwenda mjini kurudisha laini, kwani malipo hufanyika kwa simu papo hapo na mnunuzi asipompata huyu humgeukia jirani. Makala haya yanashikilia kwamba umbali kati ya mtumiaji na kaunta inayoweza kumrudishia laini ndio kipimo kikuu cha uamuzi, na kwamba ubora wa kamera, wembamba wa simu na mengine yanayosifiwa katika matangazo yanapaswa kuja nyuma yake.

Kaunta yenyewe nayo ina masharti. Tangu Mei 1, 2019 usajili wa laini nchini umefanyika kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA, na laini ambazo hazikusajiliwa kwa njia hiyo zilianza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020, tarehe iliyotokana na nyongeza ya siku 20 iliyotolewa na Rais John Magufuli. Utaratibu huo unamlinda mwenye laini dhidi ya matapeli, na hakuna sababu ya kuulalamikia, lakini maana yake ni kwamba kila upakuaji mpya wa laini ya kidijitali unaweza kumtaka mhusika mwenyewe afike na kidole chake. Watu walioshika jembe au kuchuma chai kwa miaka mingi wanajua kwamba mashine haisomi vidole vilivyosuguliwa na kazi kwa wepesi inavyosoma vya karani, na mzee anayerudia kubonyeza mara ya sita mbele ya foleni hahitaji kuongezewa sababu za kurudi pale mara kwa mara.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha ni la fundi simu. Kwa kawaida mtu anayepeleka simu kutengenezwa huchomoa laini, akaiweka mfukoni na kuiacha simu mezani, na kwa kitendo hicho kidogo anakuwa amezitenganisha namba yake na fedha zake na mikono ya watu asiowajua. Simu isiyo na tundu humnyima nafasi hiyo, kwa sababu simu inapobaki kwa fundi siku tatu, namba nayo hubaki huko siku tatu, ikipokea ujumbe wa benki na namba za siri za muda zinazotumwa ili kuthibitisha malipo. Mwenye simu anaweza kufunga kioo kwa neno la siri, na anaweza pia kuweka namba ya siri ya laini yenyewe, ile inayoitwa PIN ya laini, ambayo huombwa kila simu inapowashwa upya, lakini mafundi wengi huomba neno la siri la kioo ili wajaribu kazi yao, na mteja hulitoa. Kilicho sahihi ni kumsimamia fundi hadi amalize, na kama haiwezekani, kuitafakari upya simu ya namna hiyo kabla ya kuinunua.

Hali ya minara nayo inaingia katika hesabu. Milima ya Livingstone na mabonde yake huyakata mawimbi ya simu, hivyo kijiji kimoja hushika mtandao huu na kijiji cha pili hushika ule. Isitoshe, minara mingi ya vijijini imejengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutangaza zabuni za kata zisizo na mvuto wa kibiashara na kuipa kampuni moja jukumu la kuihudumia kata husika, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kuwapo kwa maeneo ambako mtandao mmoja tu ndio unaosikika. Wafanyabiashara wa mbao na mazao wanaozunguka kutoka Makambako hadi Ludewa hukabiliana na hali hiyo kwa kumiliki laini za kampuni mbili, tatu au nne. Hapa laini ya kidijitali ina jambo la kujivunia, kwani simu za iPhone za sasa huweza kuhifadhi laini 8 au zaidi na kuwasha mbili kwa wakati mmoja, na kubadili kutoka moja hadi nyingine kati ya zile zilizokwisha kupakuliwa hakuhitaji intaneti wala kuchokonoa tundu kwa pini kando ya barabara. Mfanyabiashara anayelala mjini na kuzunguka mchana, ambaye laini zake zote ni za kampuni zinazotoa huduma hiyo, kwa kweli hupata wepesi.

Wakala wa fedha ni mfano wa upande wa pili. Meza ya wakala katika stendi ya Makambako huwa na vitochi viwili au vitatu, kila kimoja na laini ya uwakala ya kampuni yake, na biashara nzima hutegemea uwezo wa kukibadilisha kitochi kilichokufa kwa kingine cha bei ndogo bila kufunga meza hata kwa saa moja. Kuziingiza laini hizo katika simu moja ya gharama kubwa ni kuiweka mitaji yote katika kifaa kimoja kinachoweza kuporwa kwa mara moja, na hakuna faida ya wazi inayofidia hatari hiyo.

Hata hivyo faida za simu hizi zipo, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza ni wizi. Mwizi wa simu yenye kadi huchomoa laini na kuitupa ili asipigiwe wala kutafutwa, au, akiwa mjanja zaidi, huiweka katika simu yake na kuanza kupokea namba za siri za muda, na kama mwenye laini hakuweka PIN ya laini, mlango wa akaunti zake uko wazi. Laini ya kidijitali haichomoki, kwa hiyo mwizi ambaye hajafungua kioo hawezi kuiondoa, na mradi simu inawaka na iko mahali penye mtandao, uwezekano wa kuifuatilia huwa mkubwa zaidi. Kinga hiyo lakini haifiki kwa matapeli wanaohamisha namba kwa kudanganya kaunta au kwa kumfanya mtu aweke kidole mara mbili kwa wakala wa usajili wa barabarani, na inaleta tahadhari mpya: picha ya msimbo wa QR ambao haujatumika ni sawa na laini yenyewe, na kumtumia mtu mwingine picha hiyo ni kumkabidhi namba.

Faida ya pili ni nafasi. Tundu la kadi na trei yake huchukua sehemu ya mwili wa simu, na vinapoondolewa, nafasi hiyo huweza kujazwa na betri: iPhone 17 Pro isiyo na tundu ina betri ya mAh 4,252, wakati ile yenye tundu ina mAh 3,988, na Apple yenyewe huhesabu kwamba ya kwanza hucheza video kwa saa 33 na ya pili kwa saa 31. Ni tofauti ya kweli, ingawa ni ndogo. Faida ya tatu ni ya wasafiri. Mfanyabiashara anayevuka Tunduma kwenda Zambia, au kijana anayekwenda kufanya kazi Oman, anaweza kuongeza laini ya nchi anayokwenda bila kuichomoa ya nyumbani, na hivyo kuendelea kupokea ujumbe wa benki yake ya Tanzania kwa kadiri kampuni yake inavyoruhusu matumizi ya nje ya nchi.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote ni ununuzi wa simu zilizotumika kutoka Marekani. Nyingi kati ya hizo ziliuzwa kwa mkopo na kampuni za simu za kule na zimefungwa zisipokee mtandao mwingine, na kwa miaka mingi wauzaji wa Afrika Mashariki walizikwepa kufuli hizo kwa kubandika kipande chembamba cha kichipu juu ya kadi ya laini ndani ya tundu, mbinu ambayo hata hapo ilikuwa ikikatika kila programu ya simu ilipoboreshwa. Simu isiyo na tundu haina mahali pa kukibandika kipande hicho, hivyo ikiwa imefungwa, mnunuzi amenunua kifaa cha kupigia picha na kutumia Wi-Fi. Bei ya chini ya iPhone 14 au 15 ya Marekani inapaswa kumtia mnunuzi shaka kabla haijamtia furaha. Kwa simu za iPhone uhakiki si mgumu: katika ukurasa wa mipangilio unaoeleza habari za simu kuna mstari wa kufuli ya mtandao, na palipo salama huandikwa kwamba hakuna kizuizi cha laini. Kwa simu ya aina yoyote, kupiga *#06# huonyesha IMEI, ambayo ni namba ya utambulisho wa kifaa yenye tarakimu 15, pamoja na namba ya EID yenye tarakimu 32 pale ambapo simu ina kichipu cha laini ya kidijitali. Simu isiyoonyesha EID kwa kawaida haina uwezo huo, muuzaji aseme asemavyo. IMEI nayo inaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua kama kifaa ni halisi, huduma ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliitangaza sana kabla ya kuzima simu bandia usiku wa Juni 16, 2016, na ambayo bado haijapoteza maana.

Kati ya simu ya tundu pekee na simu isiyo na tundu kuna aina ya tatu, nayo ndiyo inayofaa kupendekezwa kwa wengi wa Njombe na Makambako kwa sasa: simu yenye tundu la kadi pamoja na uwezo wa laini ya kidijitali. Simu nyingi za iPhone tangu XS na XR za mwaka 2018, isipokuwa iPhone Air, zile za soko la China bara na za masoko yaliyoondolewa tundu, zina nafasi zote mbili, na Samsung za daraja la juu tangu Galaxy S20 ya mwaka 2020 nyingi zina uwezo huo pia. Mwenye simu ya namna hiyo huweza kuiacha katika kadi namba inayobeba fedha, ile ambayo ni lazima ihamie katika kitochi siku ya dharura, na kuiingiza kidijitali namba ya bando au ya safari, akaishi na utaratibu mpya kwa miezi kadhaa kabla ya kuamua kuutegemea kwa kila kitu. Tecno, Infinix na itel za bei ya chini ambazo wengi hutumia zina matundu mawili ya kadi, na mwenye kuridhika nazo hana sababu yoyote ya kujiona amebaki nyuma.

Kwa yule ambaye ameamua kununua simu isiyo na tundu, kuna kazi za kufanya siku hiyohiyo akiwa bado mjini. Aingize laini zake zote akiwa ndani ya duka la kampuni, mahali penye mtandao wa uhakika, na asiondoke kabla ya kupiga simu, kutuma ujumbe na kufungua menyu ya fedha. Aulize waziwazi utaratibu wa kurudisha laini ya kidijitali simu ikifa ghafla, na kama unafanyika katika duka hilo au ni lazima aende kwingine. Anapokuja kuifuta simu ili kuiuza au kuirudisha katika hali ya kiwandani, asome kila swali linaloulizwa na simu, kwa kuwa mojawapo huuliza kama laini nazo zifutwe, na laini iliyofutwa kwa bahati mbaya hairudi kwa kubonyeza tena.

Kuna kundi moja ambalo halipaswi kuingia katika ununuzi huu kabla ya kurekebisha jambo la zamani zaidi, nalo ni la watu wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine. Wakati wa usajili wa vidole wazazi wengi ambao hawakuwa wamepata namba za NIDA walisajiliwa na watoto wao, wake kwa majina ya waume, na wafanyakazi kwa majina ya waajiri, na maadamu kadi iko mkononi na inafanya kazi, hakuna anayeikumbuka kasoro hiyo. Laini ya kidijitali huiibua mara moja, kwa sababu kila kupakua na kila kurudisha kunaweza kumhitaji aliyesajiliwa: mama wa Lupembe ambaye laini yake iko kwa jina la mwanawe anayeishi Mwanza hawezi kuhudumiwa Njombe kwa kidole chake mwenyewe. Kupiga *106# kutoka katika simu yoyote, hata kitochi, huonyesha jina ambalo laini imesajiliwa, na jina likiwa si la mtumiaji, hatua ya kwanza ni kufika dukani na kuomba usajili uhamishiwe kwake, wakati kadi bado anayo, laini bado ni hai, na yule aliyeisajili bado anaweza kupatikana kutoa idhini yake.